Wimbo Uliokatwa Salamu: Historia ya Mwalimu Immakulata Pasikali

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, walimu mliofundisha naye, majirani na ndugu wote mliopanda kilima hiki na mvua hii, mimi ni Isack Pasikali, mdogo wake marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, na nawaomba radhi mapema kwani nimechoka, siku tatu sijalala, karatasi hii nimeiandika mwenyewe, na ndani yake lipo kosa ambalo dada amekufa akidhani ni la mtu mwingine, sikubali lifukiwe pamoja naye.

Mwalimu Immakulata alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 hapa Kibondo, mtoto wa tatu wa mzee Pasikali na mama Josephina, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, kisha sekondari Kigoma, kisha ualimu Kasulu, akaajiriwa mwaka 1996. Tarehe 4 Oktoba 1997 alifunga ndoa na shemeji yetu Laurent, bwana shamba aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida, ambaye Kiha kimemshinda hadi leo isipokuwa salamu, maana ukioa huku usipojua kusalimia utakula peke yako. Walijaliwa watoto wawili, Herieth na Castory.

Gitaa alijifunzia kwayani, na tarehe 9 Julai 2012, akiwa likizo, aliingia studio ya fundi Fidele pale Kasulu, chumba kilichozibwa kwa magodoro ukutani, akarekodi nyimbo sita alizotunga mwenyewe, albamu akaiita Wa Kwenu Hawajambo, nami nikawa meneja wake, cheo nilichojipa. Wimbo wa kwanza ulianza na salamu za kwetu, zile za kuulizia wazee, watoto, ng'ombe, mihogo na mvua, tena akiwataja watu kwa majina, bibi Siti wa bondeni, mama Zuleha wa dagaa, mzee Bazilio, dakika nne nzima kabla ya ubeti wa kwanza, na huku milimani watu waliupenda mno, sokoni kina mama waliitikia kila salamu kana kwamba amesimama mbele yao.

Wahakiki hawakuupenda. Tarehe 3 Februari 2013 gazeti moja la burudani la Dar es Salaam liliandika kwamba mwimbaji huyu anasalimia hadi msikilizaji anasahau alichofuata, mtangazaji mmoja akasema huo si wimbo ni mkutano wa kijiji, dada akacheka, akasema hao hawana kwao, lakini mimi niliona aibu, nawaambia wazi, niliona aibu kwa niaba ya mtu ambaye mwenyewe hakuona aibu yoyote.

Mwezi Novemba 2013 ugonjwa wa ini ulimwanza, na Machi 2014, akiwa amelazwa hospitali ya Kabanga, nilikwenda kwa Fidele nikamtaka azikate zile salamu, akanikatalia mara mbili, akaniambia Isack, mwenye wimbo yuko kitandani, tumsubiri, nami nikamwambia nimetumwa naye, na huo ulikuwa uongo. Toleo jipya lilisifiwa, gazeti lilelile likasema msanii amekomaa. Dada aliporudi nyumbani alilisikia redioni akichambua maharage, jioni ile mama Zuleha akaja kuuliza amemkosea nini hata jina lake limefutwa, kesho yake akaja mzee Bazilio, wakafuata wengine, na mgonjwa akawa anawaomba radhi mmoja mmoja kwa kosa asilolijua. Aliponiuliza nani amefanya hivi, nilijibu ni Fidele.

Tangu siku hiyo hakumsalimia tena. Alipolazwa mara ya pili, Fidele alimfuata Kabanga mara tatu, mara moja na chupa ya asali, yeye akageukia ukutani, na Fidele alipoelewa nilivyowadanganya wote wawili alinyamaza, kwa sababu nilimsihi asimwongezee mgonjwa uchungu, nami nilimwahidi kwamba kesho nitasema mwenyewe. Niliahidi hivyo miezi mitatu. Alhamisi tarehe 22 Januari 2015, saa tano na dakika arobaini asubuhi, dada alifariki, nikiwa kantini nakunywa chai.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na masista wa Kabanga, walimu wenzake mliofundisha vipindi vyake bila kunung'unika, majirani mliochota maji na kuchimba kaburi kwenye tope, na ninyi mliotajwa katika wimbo ule, ambao mmekuja pamoja na yote yaliyotokea. Namshukuru pia Fidele, yule aliyesimama kule nyuma karibu na migomba, asiye na kosa lolote mbele ya familia hii. Ratiba inasema ndugu wa tumbo moja watangulie kutia udongo, nami namwomba Fidele aje achukue nafasi yangu, mimi nitatia wa mwisho, kama mtanikubalia.

Pumzika kwa amani, dada, hasira uliyokufa nayo kwa Fidele ilikuwa yangu.