Bi Hapana na Mita Mia Tatu za Mchanga

Ijumaa tarehe 29 Juni, saa tisa na nusu alasiri, afisa wa vibali vya ujenzi ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Bi Hapana atakabidhi funguo za kabati lake na kustaafu, baada ya kuitumikia halmashauri hii kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike wasifu wake, uwe mchangamfu, wa nusu ukurasa, usio na mambo mengi. Nitajitahidi kuwa mchangamfu. Kuhusu hilo la mambo mengi, mhariri anisamehe.

Aliingia hapa kama mpiga chapa, binti wa miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kunakili barua za wakubwa. Tatizo ni kwamba alizisoma. Siku moja alimrudishia mhandisi barua bila kuipiga chapa, akamweleza kwa adabu kuwa kiwanja anachokiruhusu kijengwe ghorofa ni kilekile alichokitenga mwaka uliopita kuwa njia ya maji. Mhandisi alinuna wiki nzima, kisha akamwandikia barua ya kumpendekeza masomoni. Akasoma upimaji wa ardhi jioni kwa jioni kwa miaka mitatu, huku akilea mapacha, akarudi kukalia meza ya vibali.

Hilo jina la Bi Hapana alipewa na wajenzi, nalo ni jina la kumsingizia. Nimepitia madaftari yake yote. Katika kila maombi kumi, tisa aliyapitisha, tena haraka kuliko afisa yeyote aliyemtangulia. Lile moja alilolikataa ndilo lililompa jina. Mjenzi mmoja aliwahi kumletea kreti mbili za soda ili alainike. Alizipanga pale mapokezi na kubandika karatasi: "Soda hizi zimeletwa na mwombaji wa kiwanja kilicho bondeni. Karibuni mnywe. Jibu lake bado ni hapana." Mimi nilikunywa mbili.

Wala hakuwa mkali kwa watu baki tu. Mdogo wake wa kiume alileta ramani ya nyumba aliyotaka kuijenga chini ya tuta la mto, lile tuta refu la udongo linalouzuia mto usiingie mjini. Akamkatalia. Kwa miaka saba ndugu huyo hakukanyaga nyumbani kwake, na kwenye harusi ya familia alikaa meza ya mbali akiwa amempa mgongo. Dada mtu alisema tu, "Acha anune. Aliyenuna yu hai."

Sasa nifike pale ambapo mhariri hangependa nifike.

Miaka kumi na mitano iliyopita yaliletwa maombi ya mtaa mzima, nyumba mia moja na kumi na nane, kwenye uwanda ulio nyuma ya tuta, pale mto unapopinda. Bi Hapana aliyakataa. Sababu aliiandika kwa sentensi moja: hakuna kumbukumbu inayoonyesha kuwa sehemu hiyo ya tuta imewahi kukaguliwa. Mkurugenzi wa wakati ule alimwita. Nilikuwepo, nimesimama na mafaili mkononi, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

"Mama, mto huu haujapanda miaka ishirini," alisema mkurugenzi.

"Mto hauna kalenda, mzee."

"Na tuta si lipo?"

"Lipo. Nani amelitembea?"

Jibu alilopata wiki iliyofuata ni barua ya uhamisho kwenda masjala, "kwa manufaa ya ofisi". Mnaifahamu masjala ya zamani, kile chumba cha chini kilichopakana na vyoo, chenye dirisha lisilofunguka. Alikaa humo miaka sita.

Meza yake nilipewa mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mke wangu alikuwa mjamzito, na mkurugenzi alikuwa akichungulia mlangoni kila asubuhi kuuliza nimefikia wapi. Hizo si sababu. Nazitaja msije mkadhani niliwekewa bunduki kichwani. Muhuri wa kibali cha nyumba zile mia moja na kumi na nane niliupiga mimi, siku ya Jumatano, kabla ya chai.

Wengine wakitupwa masjala hufuma vitambaa. Yeye aliyapanga mafaili yote upya, moja moja, na mwezi wake wa saba humo akaikuta michoro ya waliolijenga tuta lile. Pembeni ya mchoro wa pale mto unapopinda, mhandisi wa enzi hizo alikuwa ameandika kwa mkono: "Udongo wa mfinyanzi umekwisha. Mita mia tatu zimejazwa mchanga kwa muda. Zirudiwe msimu ujao." Msimu huo ujao ulikuwa umepita miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyerudia hata mita moja. Watu walikuwa tayari wanahamia, wakianika nguo na kupanda maua, nyuma ya rundo la mchanga lililovikwa nyasi.

Aliandika barua kumi na moja. Nakala ninazo, na kila moja ina muhuri wa kupokelewa. Alijibiwa mara moja tu: "Suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi." Huko ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Barua ya nne aliniletea mezani mwenyewe, na mchoro ameuambatanisha.

"Mdogo wangu, isome hii. Isome mpaka mwisho."

Niliisoma mpaka mwisho. Nilimwambia nitaifikisha juu. Niliiweka kwenye mtoto wa meza, nikaweka na mafaili mengine juu yake, na kila nilipopishana na dada huyu ukumbini nilijifanya nina haraka.

Mvua za mwaka wake wa sita masjala zilinyesha wiki tatu bila kupumzika. Jumatatu asubuhi alivaa mabuti yake ya mpira, akaenda kulitembea tuta peke yake. Pale mto unapopinda, upande wa nyumba, upande uliopaswa kuwa mkavu, aliona maji yakitokota kutoka ardhini kama uji jikoni, na yalikuwa machafu. Maji safi yakivuja chini ya tuta unaweza kusubiri kidogo. Yakiwa machafu, maana yake tuta linabebwa kutoka ndani. Alirudi mbio kuomba gari lenye kipaza sauti. Akaambiwa karani wa masjala hana mamlaka ya kuomba gari, na mwenye mamlaka yuko mkutanoni.

Basi akaenda kwa miguu. Jumatatu yote na Jumanne yote, na mvua ile, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja aligonga mlango baada ya mlango. Wengine walimcheka. Mmoja alimfungulia mbwa. Lakini hadi Jumanne jioni, familia tisini na tano kati ya zile mia moja na kumi na nane zilikuwa zimeondoka.

Jumatano saa nne asubuhi mchanga ulikwisha. Mita mia tatu ziliondoka kwa muda mfupi kuliko mnaoutumia kusoma ukurasa huu.

Walikufa watu watatu. Mmoja alikuwa bibi aliyepooza miguu, wa nyumba namba sitini na moja. Bintiye, muuguzi, alikuwa amepanga kumhamisha mchana huohuo akitoka zamu. Halmashauri ilituma wafanyakazi kwenye kila msiba, na mimi nikapangiwa huo. Muuguzi alinipokea, akaniuliza nafanya kazi idara gani.

"Vibali," nilimwambia.

"Basi utakuwa unamjua yule mama aliyegonga mlango wetu."

"Namjua."

"Mwambie asante. Mwambie hatukumdharau, ni mimi tu niliyechelewa."

Mwenye kuchelewa alikuwa amesimama mbele yake na shada la maua; alilikabidhi, akaaga. Kesho yake nilishuka masjala nikamwambia Bi Hapana kila kitu: ule muhuri, ile barua, na maneno ya muuguzi. Aliyasikiliza yote. Ya muuguzi ndiyo yaliyomtoa machozi. Kisha akajifuta, akasema, "Kibali nilikiona, kina jina lako. Vuta kiti. Tuna fomu ya kuandika." Jioni hiyohiyo mdogo wake, yule aliyenuna, alimpigia simu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, akasema tu, "Dada, nimeona." Naye akamuuliza kama amekula.

Ripoti ya uchunguzi ilisema yalikuwa "mafuriko yasiyotabirika". Someni tena. Mtu aliyatabiri mara kumi na moja kwa maandishi, na barua zake zimepigwa mihuri ya ofisi hii. Mchoro wenyewe umo kwenye kurasa za mwisho za ripoti, na chini yake pameandikwa kuwa "uligunduliwa na halmashauri". Funika kombe mwanaharamu apite. Tuta jipya lilipozinduliwa, bamba la shaba lilishukuru "maono ya uongozi", na mwenye maono alikuwa ameketi safu ya mwisho, karibu na jenereta, ambako hotuba haikusikika. Bora hivyo.

Aliporudishwa kwenye vibali, fomu tuliyoianza siku ile masjala ilikuwa tayari kanuni. Leo hakuna kibali cha kujenga nyuma ya tuta bila saini ya mhandisi kuwa sehemu hiyo imetembelewa kwa miguu mwaka huohuo, na nakala ya fomu hubaki kwa mwombaji ili asije akadanganywa. Kati ya kilomita sita za tuta, nne na nusu zimeinuliwa na kujengwa upya kwa udongo wa mfinyanzi. Toleo lililopita la jarida hili liliyasifu mafanikio hayo kwa kurasa mbili na picha tano. Nimezitafuta kurasa zote mbili. Jina lake halimo. Na anastaafu akiwa Afisa Daraja la Pili, daraja lilelile alilokuwa nalo siku aliyotupwa masjala.

Mnaweza kudhani kuwa yote hayo ni ya kale. Jumanne iliyopita yaliletwa maombi ya kujenga nyumba arobaini nyuma ya ile kilomita moja na nusu iliyobaki, ambayo haijaguswa. Yalikuja na kikaratasi kisicho na saini: "Yashughulikiwe haraka, kabla afisa hajaondoka au mara akishaondoka." Aliyeandika hakuona hata haya. Bi Hapana aliyasoma yote, akaenda kulitembea tuta na mabuti yake, akarudi akayakataa. Ndiyo kazi yake ya mwisho hapa. Mwombaji amekata rufaa, na madiwani wataisikiliza Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao.

Kwa kuwa meza inarudi kwangu, wa kulitetea katazo hilo ni mimi. Nimeombwa na watu wawili, kwa upole sana, nitafute lugha ya kati. Sina. Nitasimama mbele ya madiwani nitoe barua zote kumi na moja, kisha niseme ni nani aliyepiga muhuri wa mtaa ule na barua ya nne aliiweka wapi. Nimeona niwaambie ninyi wenzangu kwanza, hapa, msije mkayasikia barazani. Nilipomweleza Bi Hapana hayo, alisema atakuja kukaa viti vya wananchi. "Siji kuongea," alisema. "Nakuja kukutazama tu."

Dada yetu, kwa niaba ya idara ya vibali, mapokezi, masjala na wahandisi wanaolitembea tuta leo kwa sababu yako, tunakushukuru. Kwa niaba ya familia tisini na tano tunakushukuru zaidi, na kwa zile ishirini na tatu, tunakuomba radhi. Tunakuombea afya, wajukuu wengi na majirani wasio na kelele. Mvua zikianza, jifunike shuka ulale mpaka asubuhi. Zamu ya kukesha ni yetu.