Tone Moja juu ya Fomu ya Dhahabu

Benchi letu liko kati ya duka la kinyozi na kibanda cha sonara. Mguu wake mmoja umekalia tofali, na anayekaa upande huo huwa hathubutu kujitikisa, hata katika mabishano. Siku hiyo alikaa huko Breki, dereva wa lori aliyestaafu mwezi uliopita, na magotini alikuwa na fomu mbili za mifuko ya uwekezaji. Alikuwa ametenga fungu la kiinua mgongo chake aliweke kwenye dhahabu, lisiguswe miaka ishirini, liwe la mjukuu wake wa kwanza, ambaye alikuwa bado tumboni. Mfuko mmoja hununua dhahabu yenyewe na kuifungia ghalani. Mwingine hununua hisa za kampuni zinazochimba dhahabu. Mauzo ya mwaka huu yalikuwa yanafungwa siku hiyo hiyo, saa kumi alasiri. Breki alipoketi ilikuwa saa nane, na birika la Mama Birika, anayetuuzia kahawa, lilikuwa limejaa.

Wa kwanza kutoa ushauri alikuwa kinyozi, tunayemwita Redio kwa kuwa hatujawahi kukipata kitufe cha kumzima.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema. Dhahabu ilale ghalani miaka ishirini haijashika kazi? Huyo ni mgeni asiye na haya. Chukua mfuko wa wachimbaji, kaka. Kule majembe yapo.

Breki alisema dada wa ofisi inayouza mifuko hiyo alimweleza kwamba hisa za wachimbaji hurukaruka kuliko bei ya dhahabu yenyewe, kama lori lisilo na springi. Lori la namna hiyo aliwahi kuliendesha miaka sita, na mgongo wake bado unalikumbuka.

Mama Birika aliunga mkono ghala. Kitu kilichofungwa hakipungui, alisema; yeye sukari yake huifunga. Redio akamuuliza kama amewafikiria wakaguzi. Ghala lazima likaguliwe, na mkaguzi lazima aguse, na kila anayegusa huondoka na chembe kidoleni. Kwa miaka ishirini ya vidole, tofali la dhahabu litabaki kama jino. Mama Birika akafikiri, kisha akasema dawa yake ni kuajiri wakaguzi wenye mikono baridi, maana dhahabu huacha chembe kwa sababu ya joto. Tulilijadili hilo kwa muda mrefu. Mimi mwenyewe niliitikia kwa kichwa, na hadi leo sijui kwa nini.

Ilipogonga saa tisa, Breki alikuwa bado hajachagua.

— Kinyozi hajinyoi, Redio akasema.

— Maana yake?

— Maana yake usijichagulie. Tuna sonara hapa.

Muda wote huo sonara alikuwa akipuliza kikombe chake. Ni mtu wa taratibu. Miaka arobaini hajanunua hata hereni moja bila kuipima kwanza, awe ameletewa na jambazi au na mama yake mzazi. Akaziomba zile fomu, akazigeuza, akazinusa.

— Vyote ving'aavyo si dhahabu, alisema. Hizi hazing'ai. Tuna matumaini.

Akaingia kibandani, akarudi na jiwe lake jeusi la kupimia dhahabu na kichupa cha tindikali. Alieleza kwamba fomu zote zimechapwa na ofisi ile ile, maswali yale yale, tofauti ni jina la mfuko tu, kwa hiyo haki ni zipimwe mahali pamoja. Akazilaza moja juu ya nyingine juu ya jiwe. Kama mfuko una dhahabu ya kweli, fomu yake itatulia. Hakuna aliyemzuia. Breki alishika benchi kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye mteremko.

Tone likaanguka. Karatasi ikawa njano, ikatoa moshi mwembamba, na tundu likapita fomu zote mbili hadi kwenye jiwe.

— Zimelingana, sonara alisema kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo alipofika binti yake Breki, mkono mmoja kiunoni, mimba ya miezi minane ikiwa imemtangulia. Alikuwa ametoka kazini mapema ili aipeleke fomu, maana ofisi ile iko njiani kwake. Alimsalimu kila mmoja, akachukua fomu, akasoma mstari baada ya mstari. Baba yake alikuwa ameshazijaza zote mbili kwa herufi kubwa, kama alivyozoea kujaza daftari la safari. Kidole cha binti kikafika kwenye tundu.

— Baba, hapa pameandikwa "jina kamili la", halafu pametoboka. Jina kamili la nani?

— La atakayerithi, Breki alijibu. Nilipaacha wazi.

— Ni nani?

Breki aliashiria kwa kidevu tumbo la binti yake.

— Haya. Anaitwa nani?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo. Sonara alikuwa akikaza kizibo cha kichupa ambacho kilikuwa kimekwisha kukazwa. Tulikuwa tumemsafirisha yule mtoto miaka ishirini mbele, tukamwekea ghala na wakaguzi wa mikono baridi, na hakuna kati yetu aliyejua aitwe nani akija.

Breki alizikunja fomu mara nne, akazitia mfukoni.

— Basi mwakani, alisema. Mwakani atakuwa na jina.

Akamsogeza binti yake upande imara wa benchi, yeye akabaki kwenye tofali. Sonara akauliza taratibu, kama mtu anayeomba radhi, ikiwa hiyo mwakani itakuwa ghala au wachimbaji.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha sonara. Hakikutoka kitu.