Silvana, Aliyefundisha Afya Kwenye Matuta

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani, mimi Zita, mkwe wa marehemu, nimepewa na familia heshima ya kuwasomea maisha ya mama yetu Silvana Polikarp, aliyezaliwa Kaengesa tarehe 14 Machi 1966, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na tarehe 21 Juni 1986 akafunga ndoa na Mzee Obed, wakahamia hapa Laela, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza akiwa mume wangu Jastin.

Mwaka 2009 mkutano wa kijiji ulimchagua kuwa mhudumu wa afya ya jamii, akapata mafunzo Sumbawanga, akarudi na begi na fulana ya kazi, lakini kila alikobisha hodi wajawazito walijificha, kwa kuwa kwetu mimba changa haitangazwi, na mwenye begi lile akionekana mlangoni kijiji kizima kinajua. Basi akaliacha begi nyumbani, akachukua jembe, akaenda kufukia majani pamoja na wanawake kwenye ntumba, matuta yetu ya mviringo, nao wakamtania kwamba serikali imewaletea kibarua wa bure, yeye akacheka, akaendelea kulima, na kabla jua halijawa kali mmoja alikuwa ameshamnong'oneza habari zake.

Hivyo ndivyo alivyotufundisha kazi yake mimi na Hellena, mke wa Mayunga mfugaji, na niliposema kwamba mtu wa darasa la saba mwenye mtoto mgongoni hataiweza kazi hiyo, alimfungua mtoto, akambeba yeye, akaniambia nitangulie.

Alianza kuugua moyo Agosti 2023, na hofu yake ilikuwa moja, kwamba akiondoka akina mama wa kambi za wafugaji kule bondeni watarudia kujifungulia nyumbani. Mama yetu akiwa amelazwa Sumbawanga, Hellena, bila kusubiri kuagizwa, alimwahisha kituo cha afya mjamzito aliyeanza kutokwa damu, mama na mtoto wakapona, nasi tulipompelekea habari wodini aliuliza tu kama mzazi amepata uji wa moto, tukasema amepata, akatabasamu. Alifariki kesho yake alfajiri, tarehe 9 Mei 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wahudumu wenzake, na ninyi majirani mliotuvunia mahindi bila kuombwa tulipokuwa hospitali.

Mama, Jumatatu mimi na Hellena tunashuka bondeni, kuna wanaotusubiri. Pumzika kwa amani.