Kikohozi cha Dirishani

Mshonaji alitaka kusinzia tu, lakini mwalimu aliyeketi naye kwenye basi alikuwa amepania kumsema mkuu wake wa shule aliyestaafu.

“Mzee yule alinichosha, dada! Nikikosea ubaoni, anakohoa dirishani mara moja, kisha huyoo, anaenda zake. Watoto hawajui kitu, mimi nafuta huku nimefura.”

“Si ameondoka? Pumzika,” mshonaji akasema, akipiga miayo.

“Nipumzike wapi? Huyu mpya anaingia darasani kunisahihisha mbele ya watoto!”

“Kumbe mzee alikusitiri.”

“Alinisumbua, nakwambia!”

Basi likasimama. Mwalimu akainuka kwa hasira, akasahau mkoba kitini. Mshonaji akakohoa, mara moja tu.

Mwalimu akageuka, akauona, akaunyakua. “Hata wewe!” akafoka, akashuka akifuta macho.