Sindano za Dada Yetu na Jibu Alilolisubiri

Dada yetu, aliyejulikana na ukoo mzima kama Mama Sindano, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, kifungua mimba wa marehemu baba yetu, fundi redio, na mama yetu, mkunga. Mimi ni mdogo wake. Sauti ikinikatika, mnivumilie.

Alianza shule mwaka 1986. Baba alitaka awe daktari. Akawa daktari kweli, ila wa fizikia, na Baba alinuna wiki nzima.

Mwaka 2007 aliajiriwa chuo kikuu. Katika maabara ya chumba cha chini alichoma poda ya zinki kwenye tanuru, na juu ya kibamba cha silikoni zikaota sindano za oksidi ya zinki, nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Zikimulikwa zilitoa mwanga wa kijani. Yeye alitaka zaidi: ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, zirushe elektroni bila kupashwa moto, ziwashe kioo kilichopakwa unga unaong'aa. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Shangazi, aliposikia habari za sindano, alimletea sketi.

"Nipunguzie hapa kiunoni, mwanangu."

"Shangazi, sindano zangu hata uzi wake haujazaliwa!"

Sketi aliipunguza hata hivyo, tena vizuri.

Tarehe 22 Agosti 2009 aliolewa na fundi wa maabara hiyohiyo. Walijaliwa binti mmoja. Walibishana kuhusu tanuru hadi mezani.

Novemba mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tulilia, yeye akaulizia maabara. Tarehe 6 Mei shemeji alifika wodini mbio, na picha kwenye simu: kioo kimewaka! Dada aliitazama sana.

"Kile kipimo cha hewa ulikizima?"

Kipimo hicho hupima hewa iliyobaki chomboni; ndani yake kuna waya unaowaka, na mwanga wake hudanganya kwamba kioo kimewaka. Shemeji alisahau kukizima.

"Nenda kakizime, uangalie tena. Nakusubiri, baba."

Alikwenda. Aliporudi, dada alikuwa ameshafariki. Inaniuma mno kuisoma sentensi hiyo.

Ameacha mama, mume, binti na sisi wadogo zake wawili. Shemeji, usijilaumu, alikutuma mwenyewe. Na wewe, dada yangu, kipimo kilizimwa, kioo kikaendelea kuwaka. Ni sindano zako. Sasa lala.