Bi Bakhita, Mposaji wa Skuli ya Uuguzi

Tarehe thelathini Septemba mwaka huu, Bi Bakhita binti Marhoon anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya uuguzi, ishirini ya mwisho akiwa msimamizi wa wodi yetu ya wanaume hapa Muscat. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike maneno ya furaha, yasizidi ukurasa mmoja, na nisimlize mtu. Ukurasa nitauheshimu. Hayo mengine sikuahidi.

Bi Bakhita alizaliwa Unguja, akaletwa Muscat angali mdogo. Alikuwa na miaka kumi na sita mama yake alipolazwa kwa kichomi. Mama wa watu hajui Kiarabu cha kujieleza, Kiingereza ndiyo kabisa, na wauguzi wote ni wageni. Ikabidi binti akae kitandani pake kutwa kumfasiria. Wakampa beseni ashike, wakamfundisha kuhesabu pumzi, na mama alipopata nafuu yeye alikuwa ameshakuwa mkalimani wa wodi nzima. Waliporudi nyumbani akamwambia baba yake kwamba ualimu hautaki tena, anataka uuguzi. Mzee Marhoon akanuna wiki nzima. Kisha asubuhi moja akapiga kilemba chake, akampeleka mwenyewe kwenye usaili. Walipomuuliza kwa nini ameichagua kazi hii, alijibu, "Mama yangu kaumwa, na nisingekuwepo mimi asingeelewa mtu." Wakamchukua.

Aliyefunguliwa mlango na baba yake alitaka kina baba wote wafungue. Kila mwaka matokeo ya sekondari yakitoka, Bi Bakhita alijitia udi, akachukua birika la kahawa na sahani ya halua, akaenda kwa wazazi wa msichana aliyefaulu vizuri na kuogopa kusema anachotaka. Alikuwa akiwaposea uuguzi, na alifuata taratibu zote za posa: anakaa, anauliza hali za wazee, anasifu nyumba, halafu ndiyo anashusha lake.

Taratibu hizo zilimponza mara moja, mtaa wa Al Khoudh. Mama mwenye nyumba alipoiona halua alijua moja kwa moja kwamba amekuja kumposea mwanawe wa kiume. Binti akatolewa amepambwa, vitafunio vikajaa meza, na bibi yake akaanza kuuliza huyo kijana anafanya kazi wapi. Bi Bakhita ana mabinti watupu. Alipoeleza kwamba ametumwa na mapenzi yake kwa skuli ya uuguzi, bibi akashika kiuno: "Ala! Kumbe bwana harusi mwenyewe ndo spitali?" Binti huyo ni mimi, Reem, na bibi yangu alinitania kwa mume huyo mpaka anaingia kaburini.

Wala hakuishia kwenye kumwingiza mtu skuli. Kila baba alimuusia neno moja: mchumba wa kweli atakapokuja, sharti la binti kusoma na kufanya kazi litajwe mbele ya kadhi, liandikwe kwenye ndoa. Maneno ya sebuleni, alisema, yanayeyuka pamoja na halua. Baba yangu, Mzee Asaad, alilitaja, ingawa aliona haya. Ndiyo maana niko kazini leo. Wenzangu wengi niliosoma nao, ambao baba zao hawakulitaja, hawapo kazini. Tukikaa tukiulizana fulani yuko wapi, jibu ni lile lile, mume hakutaka, na siku hizi hatuulizani tena.

Sasa niseme la Ruba, maana bila yeye huu ungekuwa wasifu wa uongo.

Ruba ni binti wa Bwana Shihab, jirani wa Bi Bakhita. Tangu mdogo alikuwa akija kuomba bandeji awafunge wadogo zake. Bi Bakhita alisema mbele yetu sote kwamba huyu ndiye, na kwamba akishamuona amevaa sare ataondoka kazini moyo wake umetua. Mwaka huu Ruba alifaulu, akafanya usaili, akapata nafasi. Bwana Shihab alikwishaendewa na Bi Bakhita mara mbili, akakataa. Mara ya tatu akakubali, akaapa kwamba sharti atalitaja. Bi Bakhita akampeleka mtoto kwa fundi kupimwa sare.

Agosti ikaja posa ya kweli, ya mume. Mchumba alikuwa Yaqdhan, mtoto wa kaka yake Bwana Shihab. Siku ya ndoa Bi Bakhita alikuwa upande wa wanawake, anasubiri habari itoke kwa wanaume. Ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa, na sharti halikutajwa. Bwana Shihab alimwambia baadaye, macho chini, "Bi Bakhita, nnaona haya. Mtoto wa ndugu yangu wa tumbo moja, nimwekee sharti kama mtu wa mbali?" Alidhani damu inatosha. Yaqdhan naye hakugomba wala hakupandisha sauti. Alipoulizwa habari ya skuli alisema, "Ami, hilo halikutajwa pale. Mie sitaki mke wangu akeshe na wagonjwa."

Hapo hapana mtu wa kumlaumu ukashiba. Baba analia, mama analia, mume ana haki yake kwa karatasi ya ndoa. Skuli ikafunguliwa, kiti cha Ruba kikapotea. Fundi alipopiga simu kwamba sare iko tayari, Bi Bakhita aliifuata mwenyewe, na siku hiyo ndiyo pekee tuliyowahi kumuona anakaa kwenye kiti cha mgonjwa katikati ya zamu. Hakugonga mlango mwengine tangu hapo. Msimamizi mkuu alituuliza nani ataichukua kazi yake ya kuposa. Hakujitolea mtu, hata mimi. Nimechoka, nami naogopa, na sioni kama kuna kitakachobadilika.

Lakini kuna jambo, na nataka liandikwe. Ruba sasa yuko Wattaya, kwa mumewe. Wiki mbili baada ya harusi mama mkwe wake alipooza upande mmoja, na mama wa watu hataki muuguzi wa kukodi, anamtaka mke wa mwanawe. Ruba humgeuza, humsafisha, humlisha kwa kijiko, hukesha naye. Yaqdhan hakupinga. Ruba akikwama humpigia Bi Bakhita kumuuliza kidonda cha mgongoni kinazuiwaje, na Bi Bakhita humfundisha kwenye simu, polepole, kama yuko darasani.

Bi Bakhita, tunakushukuru kwa wagonjwa uliowainua na kwa mabinti uliowaombea njia, waliofika na waliorudishwa. Mungu akupe afya na usingizi wa usiku mzima, maana hukuupata ujana wako wote. Pumzika, mama yetu, umestahiki. Ila simu yako usiizime. Ruba anauguza usiku na mchana, na hana wa kumpokea zamu.