Kadenge Ngumbao, Mfunga Bendera wa Kuze

Tarehe 30 Novemba 1996, Mzee Kadenge Ngumbao anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kampuni yetu ya mapambo ya barabara. Nimeombwa niandike mambo matamu tu. Matamu yapo, na machungu yapo, yote yatasomwa.

Mgiriama huyu wa Kaloleni alianza kwa kubeba ngazi katika stoo yetu ya Mbaraki. Siku hizo sherehe ikifika, barabara kubwa zilipata bendera mia mbili, mtaa wa Kuze sufuri. Sababu? Eti lori la ngazi haliingii vichochoroni. Kadenge akaenda kwa miguu. Akabisha hodi kwa Bi. Akila, orofani, kisha kwa Ghulam mwenye duka, nyumba inayotazamana na ile, akapitisha kamba dirisha kwa dirisha. Akaendelea hivyo nyumba hadi nyumba, na sikukuu ile Kuze ilipepea bendera thelathini.

Kamba zikabaki juu, na kina mama wakazifanya za kuanikia. Sherehe iliyofuata bendera zikachanganyika na leso, hata mgeni mmoja akasimama dukani kwa Ghulam kuuliza bei ya leso zile nyeusi, nyekundu na kijani! Hapo Kadenge akaweka sheria: leso zishuke zote, ndipo bendera zipande. Kina mama waliishika sheria hiyo kuliko sisi tunavyoshika saa za kazi.

Sasa nifike panapouma. Sikukuu ya Madaraka ya mwaka huu, bendera zilipungua kwenye barabara ya kupita wageni. Meneja akaamuru zile za Kuze zikafunguliwe. "Huko ndani nani ataziona?" alisema. Kadenge alipofika na mkokoteni, Bi. Akila alimwita kutoka dirishani: "Kadenge mwanangu, waja kutuvua nguo siku ya sherehe?"

Mkokoteni ulirudi mtupu. Mbele yetu sote Kadenge akamwuliza meneja, "Bwana mkubwa, bendera ni ya wapitao au ya wakaao?"

Kwa swali hilo akanyang'anywa kazi ya ngazi. Fundi aliyefundisha nusu ya wafungaji wetu amemaliza miezi yake ya mwisho langoni, akifungulia malori. Na juzi tumeambiwa kwamba sikukuu hii ya Jamhuri Kuze haimo kwenye mpango. Thelathini tu! Aliyeshindwa kupata bendera thelathini aseme ameshindwa, asiwaambie watu waliozaliwa pale, wakazikana pale, kwamba nchi haina haja nao.

Watu wa Kuze hawakungoja mpango wetu. Wamechanga, wamenunua zao, na wamemwomba Kadenge akazifunge. Amekubali. Jamhuri ni tarehe kumi na mbili Desemba. Siku hiyo atakuwa si mwajiriwa wa mtu, na hakuna wa kumwambia shuka.

Mzee Kadenge, ahsante kwa kazi, na ahsante kwa ule mkokoteni mtupu. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu watiifu kuliko wewe ulivyokuwa kwa meneja. Ngazi utakayoazimwa na Ghulam ni ndefu na sakafu ya kichochoro ina mteremko, kwa hivyo pahitajika watu wawili wa kuishika chini. Mmoja ni mimi. Nafasi ya pili iko wazi kwa mfanyakazi yeyote wa kampuni hii.